Mwasisi akifa, nani amebaki na funguo?

Mtu mkubwa wa teknolojia akifariki, maombolezo yake yana mwendo unaojulikana. Kwanza ni picha nyeusi na nyeupe kwenye stetasi za WhatsApp, kisha nukuu zisizo na chanzo. Ikifika jioni wameshatokea wa kukumbusha kwamba alikuwa mkali kwa wafanyakazi wake, na wengine wa kuwajibu kwamba marehemu hasemwi vibaya. Wiki haiishi, kimya. Katika kelele zote hizo, swali ambalo fundi wa mifumo hulifikiria kabla ya jingine lolote huwa halijaulizwa: kazi aliyoiacha, ikizimika kesho asubuhi, nani ataiwasha?

Kwa Dodoma swali hili lina uzito wake. Tangu serikali ihamie hapa, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwa kinatoa vijana wa kompyuta kila mwaka, mji umejaa mifumo midogo iliyojengwa na mtu mmoja au wawili: ya ada za shule, ya SACCOS, ya maduka ya dawa, ya hosteli za wanafunzi, ya kupokea mazao. Mingi inafanya kazi vizuri. Mingi pia inategemea simu moja, laptopu moja na kichwa kimoja. Naona namna tunavyowalilia waasisi wakubwa wa ng'ambo imetuzoesha kutazama sura ya mtu na kusahau makabidhiano, na hasara yake inaangukia kwenye mifumo yetu wenyewe.

Tuanze na kifo kilichoweka kipimo. Steve Jobs, mmoja wa waasisi wa Apple, alifariki 5 Oktoba 2011 akiwa na miaka 56, baada ya kuugua kwa miaka uvimbe wa kongosho na kupandikizwa ini mwaka 2009. Watu waliacha maua, mishumaa na matofaa yaliyong'atwa upande mmoja mbele ya maduka ya Apple katika miji mingi. Kampuni ilifungua anwani ya barua pepe ya kupokea kumbukumbu, na zaidi ya watu milioni 1 waliandika. Gavana wa California akaitangaza 16 Oktoba kuwa siku yake. Ni vigumu kumtaja mfanyabiashara mwingine wa kompyuta aliyewahi kuliliwa namna ile.

Pamoja na maua walikuja matapeli. Facebook ilijaa kurasa zilizodai kwamba Apple inagawa iPad za bure kwa kumbukumbu yake. Aliyebonyeza kiungo alipelekwa kujaza dodoso moja baada ya jingine, na kila dodoso lilimwingizia tapeli senti kadhaa. Mbinu hiyo haijabadilika: kiungo kifupi, zawadi, muda mchache, na sharti la kusambaza kwa marafiki kabla ya kupokea chochote. Tanzia kubwa ikitoka leo, ujumbe wa aina hiyo utafika kwenye makundi ya WhatsApp ya Dodoma kabla ya ratiba ya mazishi.

Baadaye ukaanza kuzunguka waraka mrefu unaodaiwa kuwa maneno yake ya mwisho, akijutia utajiri akiwa kitandani hospitalini. Hakuuandika. Alifia nyumbani kwake Palo Alto, si hospitalini. Dada yake, Mona Simpson, alisimulia katika hotuba ya kumuaga kwamba aliwatazama watoto na mkewe, akatazama mbali kupita mabega yao, na maneno yake ya mwisho yakawa mshangao mfupi aliourudia mara 3. Waraka ule wa uongo unapendwa kwa sababu unasema kile ambacho wengi hutaka kusikia kwenye msiba wa tajiri. Kwa kijana anayeendesha biashara ya teknolojia hauna msaada wowote, maana jambo lenye faida kwake katika kifo kile lilikuwa kwenye makaratasi ya kampuni na kwenye bei ya hisa.

Tarehe 3 Oktoba 2008, miaka 3 kamili na siku 2 kabla ya kifo chenyewe, mtu mmoja aliandika kwenye ukurasa wa CNN wa habari za wananchi kwamba Jobs amekimbizwa hospitalini kwa mshtuko wa moyo. Ulikuwa uongo, lakini hisa za Apple ziliporomoka papo hapo, hadi kampuni ilipokanusha. Sasa linganisha. Jioni ya 5 Oktoba 2011 hisa moja ilifunga kwa dola 378.25. Kesho yake, dunia nzima ikiwa imeshajua kwamba safari hii ni kweli, ilifunga kwa dola 377.37. Uvumi ulitikisa kampuni, kifo hakikuitikisa.

Kati ya tarehe hizo mbili kulifanyika makabidhiano. Tim Cook, aliyekuja kuwa mrithi wake, alikuwa ameshashika usukani mara 3 wakati Jobs akiwa mgonjwa, mwaka 2004, 2009 na 2011. Apple ilikuwa imeanzisha chuo cha ndani mwaka 2008, kwa ajili ya kuwafundisha mameneja wake jinsi maamuzi makubwa ya kampuni yalivyofikiwa na kwa nini. Tarehe 24 Agosti 2011, wiki 6 kabla ya kufariki, Jobs alijiuzulu kwa barua na kumpendekeza Cook kwa jina. Siku moja kabla ya kifo chake iPhone 4S ilitambulishwa bila yeye kuwapo jukwaani, na ilipoanza kuuzwa 14 Oktoba ziliondoka zaidi ya milioni 4 katika siku 3. Waliokuwa na fedha zao ndani walikuwa wameshaona kazi ikienda bila yeye. Mamilioni waliobandika picha yake hawakuwa na habari na lolote kati ya haya.

Afrika Mashariki nayo ina mifano. Bob Collymore wa Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, alifariki 1 Julai 2019 na Kenya ikalia hadharani. Siku iliyofuata bodi ilimtaja Michael Joseph kukaimu, na huduma zikaendelea. Collymore hakuwa mwasisi, alikuwa mkurugenzi mkuu wa taasisi yenye bodi inayojua kazi yake. Desemba mwaka huohuo Tanzania ikampoteza Ali Mufuruki, mwanzilishi wa Infotech Investment Group na mmoja wa waanzilishi wa CEOrt, jukwaa la wakurugenzi wakuu wa makampuni nchini. Jukwaa hilo lipo hadi leo.

Watu wa kompyuta wanapozungumzia Oktoba 2011 hawakosi kumtaja Dennis Ritchie. Alikutwa amefariki nyumbani kwake New Jersey tarehe 12, wiki moja baada ya Jobs, akiwa na miaka 70. Yeye ndiye aliyetengeneza C, lugha ya kuandikia programu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na pamoja na Ken Thompson wakajenga mfumo endeshi wa Unix. Simu yoyote ya Android inayofunguliwa na mafundi wa Majengo ina kiini cha Linux kilichoandikwa kwa C. iPhone nayo inaendeshwa na mfumo uliotoka kwenye ukoo wa Unix. Hata hivyo, nje ya watu wa fani, habari za kifo chake zilipita karibu bila kusikika.

Hilo limelalamikiwa sana, na malalamiko yana haki. Mimi naona yanaruka jambo kubwa zaidi. Siku Ritchie alipofariki hakuna kompyuta iliyokosa mtu wa kuitengeneza. C ilikuwa na kitabu chake cha mafunzo tangu 1978, na kiwango rasmi tangu 1989. Vikusanyi vyake, yaani programu za kugeuza C kuwa maagizo ya kompyuta, vilikuwa vimeandikwa na watu wengi katika nchi nyingi, na kila chuo kinachofundisha kompyuta kilikuwa kinazaa warithi. Kazi ilikuwa imeshatoka mikononi mwake miaka mingi kabla. Kama tunataka kumpa heshima iliyokosekana, tuige namna alivyoiachia.

Upande wa pili yuko Gerald Cotten. Alikuwa mwasisi wa QuadrigaCX, soko kubwa la sarafu za kidijitali nchini Kanada, na alifariki Jaipur, India, 9 Desemba 2018 akiwa na miaka 30. Wateja walijulishwa 14 Januari 2019, zaidi ya mwezi mzima baadaye. Kisha wakaambiwa kwamba funguo za pochi zisizounganishwa na intaneti alikuwa nazo yeye peke yake, ndani ya laptopu iliyosimbwa, yaani data yake haisomeki bila nywila, ambayo hakuna aliyeweza kuifungua. Wosia aliuacha, aliusaini siku 12 kabla ya kufa. Mali zilitajwa kwenye wosia huo, lakini kampuni haikuwa na utaratibu wowote wa kumkabidhi mtu mwingine funguo za wateja.

Angalia maombolezo yalivyogeuka. Siku za mwanzo zilikuwa za pole. Wiki chache baadaye zikawa tuhuma, na kufikia Desemba 2019 mawakili wa wateja walikuwa wanaiomba polisi ya Kanada kaburi lifukuliwe, wajue kama aliyelala humo ni yeye. Wakaguzi walikuta pochi hizo zilishakuwa tupu tangu Aprili 2018, na Juni 2020 tume ya dhamana ya Ontario ikaeleza kwamba biashara iligeuka kuwa ulaghai na kwamba wateja wapatao 76,000 walipoteza dola za Kanada zisizopungua milioni 169. Ulaghai ule ulijificha kwa muda mrefu kwa sababu ileile iliyofanya kifo kiwe janga: hakuna mtu wa pili aliyekuwa na haki ya kuona ndani. Mfumo wenye mwenye funguo mmoja hauna wa kuurithi na hauna wa kuukagua. Wateja wa mifumo midogo hapa kwetu wanapaswa kulishika hili kuliko nukuu zote za Jobs.

Mfano mwema upo, na una damu ya Afrika Mashariki. Bram Moolenaar, Mholanzi, alitengeneza Vim, programu ya kuhariri maandishi ambayo watunza seva wengi huitumia kila siku. Toleo la kwanza lilitoka 1991. Aliwahi kufanya kazi Kibaale, Uganda, mwaka 1994, na tangu hapo aliwaomba watumiaji wa Vim, badala ya kumlipa, wachangie watoto maskini wa huko. Ombi lenyewe hujitokeza mtu anapofungua programu bila kutaja faili. Moolenaar alifariki 3 Agosti 2023 akiwa na miaka 62. Christian Brabandt, aliyekuwa amechangia msimbo (maandishi ya programu) kwa miaka mingi, alichukua uangalizi pamoja na wenzake, na 2 Januari 2024 wakatoa Vim 9.1 wakiitunuku kumbukumbu yake. Waliomlilia walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa na uwezo wa kuendeleza kazi siku hiyohiyo, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na historia ya kila badiliko ilikuwa inasomeka.

Sasa turudi nyumbani, tutazame kwa karibu jinsi mfumo mdogo unavyokufa. Chukua mfumo wa kupokea zabibu katika chama cha ushirika upande wa Hombolo. Ni mfano wa kutengeneza, lakini kila kiungo chake kinakutwa kwenye mifumo halisi. Mkulima analeta kreti, karani anapima na kuingiza kilo kwenye simu, mkulima anapokea SMS yenye uzito na bei, mwisho wa wiki mhasibu anatoa orodha ya malipo. Aliyeujenga ni kijana mmoja, na amefariki ghafla Jumamosi.

Jumatatu hakuna kinachoonekana kuharibika, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Seva iko nje ya nchi na inaendelea. Cheti cha usalama cha tovuti, kama ni kile cha bure cha Let's Encrypt cha siku 90, kwa kawaida hupangwa kijihuishe chenyewe zikibaki siku 30. Viongozi wa ushirika wanatoa rambirambi, wanachanga, wanakwenda kuzika.

Kinachokata kwanza ni salio la SMS, kwa sababu hununuliwa kwa mafungu na marehemu ndiye aliyekuwa akiongeza. Ujumbe haufiki, wakulima wanaanza kuhisi karani anawapunja kilo, na ugomvi unaanza kwa ajili ya fedha ndogo ambayo yeyote angeweza kuilipa kama angejua pa kulipia. Kisha inafika tarehe ya bili ya seva. Ilikuwa inakatwa kwenye kadi ya mtandaoni iliyoungana na akaunti ya pesa ya simu ya marehemu. Akaunti imefungwa au haina kitu, makato yanakataa, na onyo linatumwa kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeweza kuifungua. Kampuni ya seva hukumbusha mara kadhaa, husimamisha huduma, na mwisho hufuta data. Kama nakala rudufu zilikuwa zinawekwa kwenye akaunti hiyohiyo, zinafutwa pamoja.

Nyumbani nako ndugu wanahangaika na simu. Mmoja anajaribu mwaka wa kuzaliwa, mwingine namba za mwisho za laini. Kila jaribio lisilo sahihi huongeza muda wa kusubiri, na simu iliyowekewa agizo la kujifuta baada ya makosa 10 itajifuta kweli. Mwingine anatoa laini aiweke kwenye simu yake. Kama laini ina PIN, makosa 3 yanaifunga hadi ipatikane PUK, namba ya kuifungulia, na makosa 10 ya PUK yanaiua laini moja kwa moja. Kuirudisha kunadai alama za vidole za aliyeisajili, na aliyeisajili ameshazikwa. Mtu anaipeleka kwa fundi "aifleshi". Fundi anaweza kuifuta simu iwake kama mpya, lakini kilichokuwa ndani hakirudi, na iPhone iliyofutwa bado itadai akaunti ya Apple ya mwenyewe. Apple huweza kuondoa kifungo hicho kwa cheti cha kifo na uthibitisho wa ununuzi. Lakini nambari ya siri ya simu hata Apple haiwezi kuiondoa bila kufuta kila kitu.

Nywila nazo, hata zikiwa zimeandikwa kwenye daftari, hazitoshi. Akaunti nyingi zinadai tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30 kutoka kwenye programu iliyo ndani ya simu iliyofungwa. Laptopu ya Windows iliyolindwa kwa BitLocker, kinga inayosimba diski, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya marehemu, ambayo nayo inadai msimbo kutoka kwenye simu ileile. Ni nyumba ambayo ufunguo wa kila mlango umefungiwa chumba cha pili.

Pigo la mwisho ni kikoa, yaani jina la tovuti. Kwa majina ya .com, msajili anaweza kuvumilia hadi siku 45 baada ya muda kuisha, zikafuata siku 30 za kukomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu jina linauzwa kwa yeyote. Watu wengi wanadhani hasara hapo ni jina tu. Kama barua pepe ya marehemu ilikuwa inatumia kikoa hichohicho, atakayekinunua anaweza kupokea barua zote zinazotumwa huko, zikiwamo zile za kubadilisha nywila za seva na za mfumo wa malipo. Namba ya simu ina hatari ileile: laini isiyotumika hufungwa na namba hugawiwa mteja mwingine, na misimbo ya kuthibitisha humfuata mteja huyo mpya. Mgeni asiyejua hata kwamba kulikuwa na msiba anaweza kujikuta ana milango yote.

Na matanga yakishaanuliwa, vitu vya marehemu hugawanywa. Laptopu anapewa mdogo wake anayesoma. Ndani yake kuna orodha ya wanachama, namba zao za NIDA, simu zao na madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikuondoka kwa sababu mwenye laptopu amefariki, na ushirika ndio utakaoulizwa zikivuja. Hakuna ubaya wowote katika desturi ya kugawana. Ubaya ni kwamba siku ya kikao cha ukoo hakuna aliyejua kwamba kifaa kile ni ofisi.

Upande wa sheria una mambo yake. Aliyesajili jina la biashara tu, BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inamtambua yeye mwenyewe kama ndiye biashara, na akifa mikataba yake inaingia kwenye mirathi. Kampuni ina uhai wake kisheria na haifi na mwenye hisa. Hisa ndizo zinazorithiwa. Mirathi inayofuata sheria za mila au za Kiislamu hufunguliwa mahakama ya mwanzo: kwanza cheti cha kifo cha RITA, muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza msimamizi, Fomu namba 1, tangazo, kisha uteuzi wa mahakama. Msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu namba 5, na baada ya hapo hesabu kwa Fomu namba 6 kwa vipindi vinavyopangwa na mahakama. Orodha hizo hujaa viwanja, ng'ombe na pikipiki. Msimbo wa programu hautajwi, ingawa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inaulinda kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo warithi wanamiliki kitu wasichojua kwamba wanacho, na ushirika unatumia kitu ambacho haujui ni cha nani. Nyumba inaweza kusubiri mirathi ikamilike, seva haisubiri. Ndiyo maana makabidhiano ya mfumo lazima yafanyike mwenye nao akiwa hai.

Yenyewe si kazi kubwa. Kikoa, seva na akaunti ya SMS visajiliwe kwa jina la mteja au kampuni, na barua pepe ya usimamizi iwe ya ofisi, inayosomwa na watu wasiopungua 2, na isitumie kikoa kinachosimamiwa na akaunti hiyohiyo. Kikoa kilipiwe miaka kadhaa kwa mkupuo. Lipa namba na akaunti ya kupokelea fedha zisiwe za mtu binafsi. Kila akaunti yenye uthibitishaji wa hatua mbili ina misimbo ya akiba (Google hutoa 10 kwa wakati mmoja). Ichapishwe, iwekwe kwenye bahasha pamoja na ufunguo wa BitLocker na nywila kuu, bahasha ifungwe na kusainiwa juu ya mkunjo, moja kwa wakili na nyingine kwenye kasiki la ofisi. Kila nywila ikibadilishwa, bahasha ibadilishwe. Hapa ndipo wengi huanguka: bahasha ipo, imeandikwa vizuri, na nywila zilizomo zilikufa miaka 2 iliyopita.

Huduma kubwa zenyewe zina milango ya urithi, wanaoitumia ndio wachache. Google inaruhusu kupanga kwamba akaunti ikikaa kimya miezi 3, 6, 12 au 18, watu walioteuliwa, hadi 10, wapewe data iliyochaguliwa. Apple tangu Desemba 2021 inaruhusu kuteua hadi watu 5, na kila mmoja atahitaji ufunguo aliopewa pamoja na cheti cha kifo. GitHub, hifadhi ya msimbo mtandaoni, ina nafasi ya kutaja mrithi: akionyesha cheti cha kifo anasubiri siku 7, akiwa na tangazo la kifo tu anasubiri siku 21, kisha anaweza kusimamia hazina za msimbo zilizo wazi. Zile za siri hazimo, na kazi nyingi za wateja wa Dodoma ni za siri. Hizo ziwekwe tangu mwanzo chini ya akaunti ya shirika yenye wamiliki 2. Nakala rudufu ziwe 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe mbali na seva na chini ya jina tofauti.

Na msiba ukishatokea bila maandalizi, wiki ya kwanza bado inaokoa mengi. Mteja atume rambirambi, kisha amtafute mtu mmoja wa familia na kumwomba mambo machache kwa upole. Simu ya marehemu isizimwe, isijaribiwe nywila, laini isitolewe, na iwekwe kwenye chaji, maana simu iliyozimwa na kuwashwa hujifunga zaidi. iPhone za matoleo mapya hujiwasha upya zenyewe zisipofunguliwa kwa takriban siku 3, hivyo hata kusoma jina la mteja anayepiga kunaweza kuwa kugumu baadaye. Laptopu iwekwe kando hadi msimamizi wa mirathi ateuliwe. Ushirika wenyewe upakue kila ripoti unayoweza kuipakua kwa akaunti zake za kawaida siku hiyohiyo, kilo za kila mkulima na malipo ya kila wiki, na kuchapisha. Mfumo ukizima kesho, karatasi hizo ndizo zitakazolipa watu. Kampuni ya seva, msajili wa kikoa na muuza SMS wapigiwe simu na kuelezwa. Wengi wana utaratibu wa kupokea malipo ya bili inayodaiwa bila kumpa mlipaji haki ya kuingia, na malipo hayo hununua muda wa kukamilisha mirathi.

Wanaoingia mkataba leo wana nafasi nzuri zaidi ya hapo. Kipengele kimoja kiingizwe: mara moja kila miezi 6, katika wiki isiyo ya mavuno, aliyejenga mfumo akabidhi simu na laptopu yake asubuhi, na mtu wa pili apewe bahasha. Kabla ya saa 10 jioni awe ameingia kwenye seva, ameongeza salio la SMS, ameonyesha tarehe ya kuisha kwa kikoa, na amerudisha nakala rudufu kwenye mashine tupu hadi jina la mkulima mmoja na kilo zake zionekane. Akikwama, iandikwe alipokwama, bahasha irekebishwe, na jaribio lirudiwe mwezi unaofuata.